Rafu iliyobeba mzigo wote ikashindwa na nyayo: uchambuzi wa kisa kimoja cha Lamu

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika nyumba ya mawe ndani ya Mji wa Kale wa Lamu. Kilihusu rafu ya vyombo vya sauti iliyoundwa kwa fimbo nne za chuma zenye hesi kutoka ncha hadi ncha, vibao vinne vya mbao, na nati za kuvishika vibao hivyo mahali pake. Majina, mtaa na alama nyingine za kuwatambulisha wahusika zimeondolewa. Wahusika wakuu walikuwa watatu: mwenye nyumba, ambaye ni mwalimu mstaafu anayehifadhi santuri za taarabu na kanda za mashairi yaliyoghanwa, fundi seremala ambaye kazi yake ya kila siku ni milango na fremu za madirisha, na mimi niliyechora mchoro na ambaye, kama itakavyoonekana, nilikosea kuliko wenzangu wote. Kijana mmoja, mtoto wa ndugu yake mwalimu, alitusaidia tangu mwanzo hadi mwisho.

Haja ilikuwa ya kweli. Mwalimu alitaka kuihamisha sauti iliyomo katika mkusanyo wake hadi kwenye kompyuta kabla unyevu wa kisiwani haujaila, na kwa kazi hiyo alikuwa na mashine ya santuri ya kg 7, amplifaya ya kg 14, deki ya kaseti ya kg 5, na rikoda ya zamani ya tepu za magurudumu yenye kg 18. Jumla yake ni kg 44. Vyombo hivyo vilikuwa vimetawanyika juu ya meza mbili na kitanda kimoja, kwa kuwa vidaka vya ukutani katika nyumba za Lamu vilichongwa kwa ajili ya sahani za kauri na misahafu, na amplifaya yenye kina cha sm 38 haiingii humo hata kwa dua.

Rafu ya fimbo za hesi ilichaguliwa kwa sababu nne. Haihitaji viungo vya useremala vya kuchonga kwa patasi. Nafasi kati ya kibao na kibao hubadilishwa kwa kuzungusha nati tu, bila kutoboa upya. Inaweza kusimama wima juu ya sakafu isiyo sawa, maana kila fimbo huteremshwa au kupandishwa peke yake. Na inaweza kufumuliwa na kuteremshwa ngazi vipande vipande, jambo ambalo katika nyumba ambazo ngazi zake ni nyembamba na hupinda mara mbili si dogo.

Chumba chenyewe kilikuwa ghorofani, kirefu na chembamba. Upana wake ulikuwa m 2.7, upana ambao wenyeji wanaujua bila kupima, kwa sababu ndio urefu ambao boriti za mikoko huweza kuubeba. Sakafu ilikuwa ya mawe na chokaa juu ya boriti hizo, na pima maji ilionyesha kwamba upande wa dirishani ulikuwa chini kwa mm 11 katika umbali wa sm 60 tu. Jambo hili la sakafu kukaa juu ya boriti niliandika kwenye daftari langu siku ya kwanza kabisa, kisha nikalisahau.

Yaliyotokea: ujenzi wa kwanza

Duka la vifaa vya ujenzi tulilokwenda lilikuwa na fimbo za M10, yaani za kipenyo cha mm 10, za urefu wa m 1, zilizopakwa zinki. Fimbo nene zaidi, M12 na M16, tungezipata Mombasa, zikiwa za m 3, na safari yake ingekuwa ya lori hadi Mokowe, kisha mashua, kisha bega la hamali katika vichochoro. Ingewezekana. Hatukutaka kusubiri, nami nikajipa hoja ya kitaalamu ya kuhalalisha haraka hiyo: kiini cha fimbo ya M10 kina eneo la mm za mraba 58 hivi, na hata kikiwa chuma cha kawaida, fimbo moja huhimili zaidi ya tani moja kabla haijaanza kuharibika umbo. Fimbo nne kwa kg 44. Hesabu ilikuwa sahihi, na haikuhusu chochote kilichokuja kutusumbua baadaye.

Kuhusu mbao, mwalimu alitaka mbambakofi, kama milango ya wazee. Fundi alimwambia kwamba mbambakofi ni ghali na nzito, na kwamba yeye alikuwa na mbao za mwembe zilizokauka karakanani, unene wa mm 25, ambazo angeziunga mbili mbili kwa gundi apate upana wa sm 45. Mimi nilipendekeza plaiwudi ya mm 18, ambayo haivimbi wala haipindi sana kwa unyevu. Kwa hesabu yangu, kibao cha sm 60 cha plaiwudi hiyo kingebonyea chini ya nusu milimita kwa uzito wa amplifaya. Mwalimu alikataa. Alisema hakustaafu ili aketi mbele ya sanduku la mizigo. Mwembe ukapita.

Hatua ya kutoboa ilifanywa vizuri, na sifa ni ya fundi. Mimi nilitaka kila kibao kipimwe na kutobolewa peke yake, sm 4 kutoka kila ukingo. Yeye alitoboa kibao cha kwanza tu, akakigeuza kuwa kigezo, akavipanga vingine vitatu chini yake, akavibana vyote kwa klampu na kupitisha keekee ya mm 12 mara moja hadi chini. Kabla ya kuvibandua, alichora kwa penseli mstari mmoja wa mshazari juu ya kingo za mbele za vibao vyote vinne vikiwa vimebebana, ili baadaye mtu yeyote atakayekigeuza kibao au kukibadilisha nafasi auone mstari umekatika. Mashimo yake hayakuwa katika pembe mraba kamili. Tulipopima, moja lilikuwa limetoka kwa mm 3. Lakini lilikuwa limetoka kwa mm 3 katika vibao vyote, kwa hiyo fimbo zilipita wima.

Kazi ya kuvalisha nati ilichosha kuliko nilivyotarajia. Hesi ya M10 husogea mm 1.5 kwa kila mzunguko, kwa hiyo nati inayosafiri sm 75 huzungushwa mara 500, na kibao kimoja kina nati nane, nne chini na nne juu. Kijana alizungusha mbili kwa vidole, kisha akabuni njia yake: aliibana ncha ya fimbo kwenye drili, akaishika nati kwa spana, na kuiacha drili izunguke polepole. Kibao cha chini kilisawazishwa kwa pima maji, na vile vya juu vilipangwa kwa kijiti kilichokatwa sawa na nafasi iliyotakiwa, kikizungushwa kona hadi kona. Njia hii ni ya haraka na ni sahihi zaidi kuliko kusoma futi mara kumi na sita.

Nafasi zilikuwa hivi: kibao cha chini kwa ajili ya deki ya kaseti na amplifaya zikiwa zimepangwa kando kwa kando, cha pili kwa rikoda ya tepu ambayo husimama wima na ilihitaji sm 42, cha tatu kwa kompyuta, na cha juu kabisa kwa mashine ya santuri, mbali na transfoma ya amplifaya isije ikaingiza mvumo wa umeme wa 50 Hz kwenye sindano. Ncha za chini za fimbo ziliwekwa moja kwa moja sakafuni. Kabla ya Magharibi siku hiyo hiyo ncha moja ilikuwa imechimba chokaa na kuacha ufa wa urefu wa kidole, na fundi akachonga visahani vinne vya mti wa mkungu vya kipenyo cha sm 8 vya kuwekwa chini yake. Ncha za juu, zilizokatwa kwa msumeno wa chuma na kupigwa tupa kidogo, zilirarua mkono wa kanzu ya mwalimu siku ya pili. Zikavalishwa nati za kofia.

Yaliyotokea: nyayo, kutu na masika

Santuri ya kwanza ilicheza vizuri upande mzima. Ya pili ilikuwa katikati ya ubeti kijana alipopita na sinia ya kahawa, na sindano ikaruka. Tukadhani ni mkwaruzo. Akarudi na sinia tupu, ikaruka tena.

"Fundi," mwalimu akasema, "rafu yako inacheza kabla ya ngoma."

"Mimi nimetoboa tu, Maalim," fundi akajibu. "Mwenye mchoro ndiye huyu hapa."

Tulichofanya usiku ule lilikuwa kosa la pili, na kwa maoni yangu kubwa kuliko la kwanza: tulikaza nati. Tulizikaza zote kwa spana ndefu mpaka washa, vile visahani vya chuma vinavyokaa kati ya nati na ubao, zikaingia katika mwembe na kuacha duara zilizobonyea. Rafu ilitulia kidogo, na sisi tukaridhika.

Ilipofika Mei, masika ikiwa imekolea, mbao zilivimba. Kibao kilichobanwa kati ya nati mbili hakina pa kwenda kikivimba. Nyuzi za mti zilizo chini ya washa husagika. Juni tuliona vumbi la rangi ya machungwa juu ya vibao, chini ya kila nati, ambapo spana ilikuwa imekwangua zinki. Agosti, kusi ikivuma na mvua zikiwa zimekwisha, mbao zilikauka na kurudi, lakini nyuzi zilizosagika hazikurudi, na nati kadhaa zilizunguka kwa kidole. Sasa rafu iliyumba hata paka wa nyumba aliporukia dirishani.

Ndipo tulipopima kwa mara ya kwanza, jambo lililopaswa kufanywa Februari. Kijana alileta mizani ya kupimia samaki, akaifunga kwenye kibao cha juu na kuvuta kwa kando mpaka ikasoma kg 2, nami nikiwa na rula iliyosimamishwa juu ya kiti. Kibao kilisogea mm 6. Baada ya kukaza nati kwa kiasi, kusogea kulipungua hadi mm 4. Kisha tukakisukuma na kukiachia huku simu ikirekodi, tukahesabu mayumbo 20 katika sekunde 10, yaani mawili kwa sekunde.

Mtu anayetembea kwa mwendo wa kawaida chumbani hupiga hatua karibu mbili kwa sekunde.

Maamuzi na sababu zake

Namba hizo mbili zilipokaa pamoja kwenye karatasi, mjadala ulibadilika. Kila aliyewahi kusukuma pembea ya mtoto siku ya Idi anajua kwamba msukumo mdogo unaokuja kwa wakati wake huipeleka pembea juu kuliko msukumo mkubwa wa ovyo. Boriti za sakafu zilipokea hatua, zikaipa rafu msukumo mdogo mara mbili kwa sekunde, na rafu, ambayo kwa asili yake hupenda kuyumba mara mbili kwa sekunde, ikaupokea wote. Mkono wa sindano nao umetengenezwa uwe huru kabisa kwenda kando, ili ufuate mfereji wa santuri kwa mgandamizo wa gramu mbili hivi. Rafu inapokwenda kando, santuri huondoka chini ya sindano na mkono hubaki nyuma. Ndiyo maana deki ya kaseti haikuonyesha dalili yoyote muda wote huo.

Njia tatu zilijadiliwa. Ya kwanza ilikuwa kuifunga rafu ukutani kwa bolti. Ni njia rahisi na katika nyumba ya matofali ningeichagua bila kufikiri. Mwalimu hakutaka kusikia habari ya drili katika ukuta wa mawe ya matumbawe wenye lipu ya zamani, na alikuwa na haki: lipu ile ikishaanza kumwagika hutafutiwa fundi wa chokaa, ambaye ni adimu, na mji wenyewe uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001.

Ya pili ilitoka kwa kijana: kubadilisha fimbo zote ziwe za M16. Hoja yake ilikuwa nzuri kuliko alivyojua. Ukinzani wa fimbo dhidi ya kupinda hufuata kipenyo cha kiini chake kikizidishwa kwa chenyewe mara nne, kwa hiyo kutoka M10 hadi M16 ukinzani huongezeka zaidi ya mara saba, ambapo M12 ingeongeza mara mbili tu. Lakini ilimaanisha fimbo mpya kutoka Mombasa, nati mpya 32, na mashimo yote kutobolewa upya katika mbao ambazo tayari zilikuwa na majeraha.

Ya tatu ilitoka nje ya chumba. Jirani mmoja, nahodha mzee aliyekuja kusikiliza santuri, aliitazama rafu, akaishika kwa mkono mmoja na kuitikisa, akauliza: "Mlingoti huu kamba zake ziko wapi?" Hakuna mtu anayetegemea unene wa mlingoti pekee kuuzuia usilale, hushikwa kwa kamba zinazovuta pande zinazopingana. Rafu yetu ilikuwa na milingoti minne na haikuwa na kamba hata moja. Nahodha huyo huyo alishauri pia kwamba fimbo zipakwe sifa, yale mafuta ya papa yenye harufu kali, ili zisishike kutu, kama mbao za jahazi zinavyopakwa, na ushauri huo ulipokewa kwa heshima na kuachwa, maana chumba kile kina dirisha moja.

Tuliamua kufuata njia ya kamba, na kuiweka M16 akiba endapo itashindikana. Waya wa chuma kisichoshika kutu wa mm 3 ulipatikana kwa fundi wa mashua, pamoja na klipu na vikaza vyake. Uamuzi wa kwanza ulikuwa kufunga mshazari mmoja mkubwa wa umbo la X upande wa nyuma tu, ili mbele na kando pabaki wazi. Pamoja na hayo, tuliamua mambo mengine manne: rikoda ya kg 18 iteremshwe hadi kibao cha chini, amplifaya ipande cha pili, ikiachiwa nafasi ya sm 10 juu yake ya kupumua, washa za kawaida za kipenyo cha mm 20 zitolewe na kuwekwa za mm 30, ambazo eneo lake la kukandamiza mbao ni karibu mara tatu, na fimbo zisuguliwe kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, kisha zipakwe grisi nyepesi na kupanguswa.

Fimbo zilizochovywa katika zinki ya moto, ambazo zingedumu zaidi kwa hewa ya chumvi, tulizijadili na kuziacha. Zinki hiyo ni nene kiasi kwamba nati za kawaida hazipiti juu ya hesi yake, na hununuliwa pamoja na nati zake zilizopanuliwa.

Matokeo

X ya nyuma ilimaliza kuyumba kwa kushoto na kulia siku ile ile. Haikugusa kabisa kuyumba kwa mbele na nyuma, na ikaleta jambo jipya: rafu ilipoguswa kwenye kona ilijisokota, kwa kuwa upande wa nyuma sasa ulikuwa mgumu na wa mbele ulikuwa bado huru. Sindano iliruka tena, mara hii mtu alipotokea mlangoni badala ya kupita dirishani. Siku tatu baadaye tuliongeza X mbili za ubavuni, moja kila upande. Mizani ya samaki ikasoma kg 2, na rula yangu haikuweza kuonyesha chochote cha kuaminika. Kusogea kulikuwa chini ya nusu milimita. Tulipoisukuma rafu tena mbele ya simu hatukuweza kuhesabu mayumbo kwa macho.

Kukaza waya kulikuwa na somo lake. Mara ya kwanza kijana alikaza waya mmoja kwa nguvu kabla ya mwenzake, na timazi ikaonyesha kwamba fimbo ya kulia ilikuwa imevutwa kutoka wima kwa mm 5. Tulilegeza zote. Mwalimu, ambaye ujanani alipiga udi, akaketi sakafuni nyuma ya rafu, akawa anazidonoa waya mbili mbili kwa ukucha na kumwelekeza kijana: "Huu juu kidogo. Basi. Sasa huo." Zilipolia sawa, timazi ilikuwa imekaa sawa.

Mahali waya wa chuma kisichoshika kutu ulipoizunguka fimbo yenye zinki tuliweka kipande cha bomba la plastiki, kwa sababu metali hizo mbili zikigusana katika unyevu wa chumvi, zinki huliwa haraka kuliko ikiwa peke yake. Kipande kimoja kilisahauliwa. Miezi minne baadaye kutu ilikuwa pale tu.

Uchambuzi

Kosa la msingi lilikuwa la swali. Niliuliza kama rafu itabeba, na jibu likawa ndiyo kwa wingi wa kupindukia, nikaacha kuuliza kama itatulia. Kwa vyombo vya sauti vya uzito wa nyumbani, fimbo yoyote utakayoipata dukani inatosha kwa mzigo, na kwa hiyo hesabu ya mzigo haimsaidii mtu kuchagua kati ya fimbo na fimbo. Kinachotofautisha ni ugumu wa kando, na huo hutawaliwa na mambo mawili ambayo mchoro wangu uliyapuuza yote mawili. La kwanza ni kipenyo, ambalo kijana aliligusa. La pili, ambalo halina gharama yoyote, ni urefu wa nafasi kati ya kibao na kibao: fimbo iliyobanwa ncha zote mbili hulegea kwa kadiri ya urefu wake ukizidishwa kwa wenyewe mara tatu. Nafasi ya sm 42 niliyompa rikoda ya tepu ilikuwa laini karibu mara tano kuliko nafasi ya sm 25, nami niliiweka katikati ya rafu na kuipandishia juu yake vibao viwili. Nikiuchora tena mchoro ule, nafasi ndefu ingekuwa ya juu kabisa au isingekuwepo.

Inafaa kueleza kwa nini ugumu ulioongezeka zaidi ya mara kumi ulikuwa wa lazima, maana mtu anaweza kudhani nusu yake ingetosha. Kasi ya kuyumba hufuata kipeuo cha pili cha ugumu. Ugumu ukizidi mara mbili, kama ambavyo M12 ingetupa, mayumbo yangetoka mawili kwa sekunde hadi karibu matatu, ambayo ni mwendo wa mtoto anayekimbia, na chumba cha jirani kina watoto watatu. Ugumu ukizidi mara kumi, mayumbo hupita sita kwa sekunde, na hakuna miguu ya binadamu inayofika huko.

Kukaza nati usiku wa kwanza ndiko ninakokujutia zaidi, kwa sababu kulificha tatizo na kuharibu mbao kwa pamoja. Mwembe ni mti mlaini kiasi, na washa ya mm 20 ni ndogo mno kwake. Ubao wa mm 25 ukivimba na kusinyaa kwa asilimia moja tu, badiliko hilo ni robo milimita, sawa na sehemu ya sita ya mzunguko mmoja wa nati ya M10. Linatosha kabisa kuitoa nati kutoka kubana hadi kulegea. Kwa hiyo wakati wa kukaza ni kaskazi, mbao zikiwa kavu, na kwa nguvu ya mkono mmoja kwenye spana fupi. Katika masika nati haziguswi, hata zikionekana zimebana kupita kiasi.

Kuhusu plaiwudi, bado naamini nilikuwa sahihi kwa upande wa mbao kutulia, na sina uhakika nilikuwa sahihi kwa upande wa mwalimu. Yeye ndiye anayeketi mbele ya rafu ile kila siku. Shimo la mm 12 kwa fimbo ya mm 10, ambalo fundi alilitoboa kwa mazoea ya milango, ndilo lililouwezesha mwembe kutanuka kwa upana wake bila kupasuka; lingekuwa la mm 10 kamili, huenda vibao vingepasuka penye gundi.

Kilichofanikiwa tangu mwanzo bila marekebisho ni utoboaji kwa kigezo na mstari wa penseli. Rafu imefumuliwa na kuunganishwa mara tatu tangu hapo, mara moja na watu ambao hawakuwepo siku ya kwanza, na kila mara fimbo zilipita bila nyundo. X ya nyuma peke yake ilikuwa ubahili wa waya: umbo lenye pande nne wima huhitaji kushikwa pande tatu angalau, kama haitakiwi lijisokote.

Upande wa mbele umebaki wazi hadi leo, na hauna waya. Mwalimu sasa anahamisha santuri za 78, yaani za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo ni za utomvu mgumu wa sheleki na nzito kuliko zile za vinili, na kijana anapita na kahawa bila kuvua viatu. Kipande cha bomba kilichosahauliwa kimewekwa. Fimbo ile yenye kutu imepigwa brashi na kugeuzwa juu chini, ili sehemu iliyoliwa ikae juu, penye nati ya kofia.